Kiganja cha Nani

"Dawa za mama niulize hata nikiwa usingizini," alisema Kamusi. "Nitakujibu bila kufumbua jicho."

Tusimwonee: kuhusu usingizi hakudanganya. Miaka yote dawa hizo zilipokuwa zikitengenezwa, Kamusi alikuwa amelala. Mama yake aliamka alfajiri kutwanga magome, yeye akavuta shuka. Mama alipokea wagonjwa, yeye yuko kibarazani kwa watu akieleza nchi inavyopaswa kuendeshwa. Jina la Kamusi alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna neno aliloulizwa akakosa maana yake, na kama maana haikuwepo aliitunga papo hapo. Kwa kawaida hilo halikumdhuru mtu.

Safari hii aliyekuwa akijibiwa ni mfamasia wa hospitali ya wilaya, mwanamke wa sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni, na mezani kwake palikuwa na fomu.

Serikali ilikuwa imeamua waganga wa tiba asili waingizwe hospitalini, wapewe vyumba, dawa zao zipimwe na kuandikwa. Mama yake Kamusi alichaguliwa wa kwanza wilayani, maana waliotibiwa kwake walikuwa wanatembea mitaani wazima na kila mtu anawaona. Chumba namba tisa, mwisho wa ujia, kikaondolewa vitanda vibovu, kikapakwa rangi. Wiki mbili kabla ya kufunguliwa, kiharusi kikampiga mama. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukaenda nao. Akabakiwa na macho na mkono wa kushoto. Basi Kamusi akavaa shati la kola akaenda badala yake.

Dawa yenyewe haikuwa na matata. Maabara ilikwishayapima yale magome: yanafukuza minyoo kwa kumharisha mtu. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye fomu.

"Mama alikuwa anampa mgonjwa kiasi gani?" mfamasia aliuliza.

"Kiganja kimoja."

"Kiganja hakiandikiki hapa, kaka. Hapa wanataka gramu."

"Basi lete mzani, daktari. Mkono ninao."

Akakunja kiganja, akachota unga wa magome, akaumimina kwenye mzani. Gramu kumi na nne.

"Na mtoto?"

Kamusi akautazama mzani. Alikumbuka siku moja akipita mlangoni kwa mama kutafuta viatu, akamsikia akimwambia mtoto: "Kiganja kizima, usibakishe." Hakuingia. Viatu vilikuwa uani.

"Vilevile," alisema. "Kiganja kizima. Dawa ya mama haibagui."

Mfamasia akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Una uhakika? Kama hujui, niambie hujui. Tutapaacha wazi, tuchunguze, chumba kifunguliwe baadaye."

Baadaye lini? Jumatatu wakubwa walikuwa wanakuja kukata utepe. Wilaya ya jirani ilikuwa na mganga wake tayari, amekaa mkao wa kula, anaomba tu mambo huku yakwame. Na mama, aliyengoja miaka thelathini kuitwa hospitalini kwa mlango wa mbele, angesikia chumba chake kimekwenda kwa mwingine. Hizo ndizo sababu alizojipa Kamusi. Ile asiyojipa ni kwamba neno "sijui" lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake, na njia isiyopitwa huota majani.

"Mama alinikalisha chini," alisema, "akanishika mkono huu huu, akanionyesha."

Mfamasia akaandika, akatia saini. Zikafungwa pakiti mia mbili, kila moja gramu kumi na nne.

Siku ya kwanza ya Kamusi kazini chumba namba tisa, mama mdogo wake, aliyehamia pale nyumbani kumuuguza dada yake, alimzunguka mara mbili akilitazama koti jeupe alilopewa hospitalini.

"Koti zuri," alisema. "Lina daktari ndani, au limetundikwa tu?"

"Mama mdogo, heshimu serikali."

"Serikali naiheshimu. Wewe nilikuogesha."

Kila jioni Kamusi alikaa ukingoni mwa kitanda akimsimulia mama habari za chumba namba tisa: nani kaja, nani kasifu. Mama alimsikiliza kwa macho. Pakiti hakumwonyesha hata moja. Alijiambia kwamba mgonjwa hasumbuliwi na mambo ya kazi.

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda. Walikuja wapagazi, mafundi, wanawake wa sokoni, watu wenye viganja kama sahani. Wakanywa, wakaharisha siku moja, wakarudi wepesi kushukuru. Halafu akaja bibi mmoja na mjukuu wake, msichana wa miaka mitatu, mwili kama njiti na tumbo kama ngoma. Bibi akaigeuzageuza pakiti mkononi.

"Hii yote aimalize yeye? Mbona kama nyingi, mwanangu?"

"Bibi, hiyo imepimwa kwa mzani wa serikali. Ukibishana nayo unabishana na serikali, na kwa hayo meno yako mawili hutaiweza."

Bibi akacheka. Mtoto naye akacheka kwa kuwa bibi amecheka, akavua kandambili, akakaa vizuri kwenye benchi, akanywa kikombe chote.

Kesho yake asubuhi alirudishwa mgongoni, amelegea kama nguo mbichi. Alikuwa ameharisha mpaka hakuna kilichobaki cha kutoka. Wodini walitafuta mshipa wa kumtundikia maji, ukakosekana mikononi, wakaupata mguuni wakiwa wamekwishachelewa. Saa nane mchana akafa. Bibi hakupiga kelele. Aliuliza tu kama anaweza kupata kandambili za mtoto, maana jana alizisahau chini ya benchi. Kamusi ndiye aliyeinama akaziokota.

Chumba kikatiwa kufuli. Kamusi akatakiwa kuandika maelezo, akaandika ukurasa mzima bila kufuta hata neno moja: kipimo ni cha mama, yeye alifuata alivyofundishwa, mama mwenyewe alimkalisha akamshika mkono. Alijiambia hamdhuru mtu. Mama hasemi, hatembei. Nani atamfunga mgonjwa wa kitandani? Aliyelala chini hana pa kuangukia.

Siku ya nne mfamasia akapiga hodi nyumbani.

"Karibu, mwanangu," alisema mama mdogo.

Kamusi akawahi mlangoni. "Daktari, mama hawezi kitu. Hata maji anayaomba kwa macho."

"Sikuja kumsumbua. Ile fomu ina saini yangu, kaka. Nataka kujua nilisaini nini."

Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, mama." Mama akafumba macho, akafumbua. Mfamasia akachana pakiti, akaumwaga unga kwenye bakuli.

Mama aliutazama, halafu akamtazama yeye. Mkono wa kushoto ukatambaa juu ya shuka, ukaushika mkono wa mfamasia, ukaugeuza, ukakunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka kiganja kikawa kishimo. Akauvuta hadi kwenye bakuli, akakijaza, akasawazisha kwa kidole gumba. Akamwaga. Kisha akamwita mama mdogo kwa jicho, akaushika na wake, mkono mdogo wa vidole vifupi, akafanya vilevile. Unga ulioenea humo ulikuwa kidogo zaidi.

"Kiganja cha mgonjwa mwenyewe," alisema mfamasia polepole. "Kila mtu na chake."

Mama akafumba macho, akafumbua.

"Kumbe," alisema mama mdogo. "Ndiyo maana dada alikuwa akiwanawisha wagonjwa mikono kwanza. Mimi nilidhani ni usafi tu."

"Mimi nilisikia kiganja kizima," alisema Kamusi kutoka mlangoni. "Nilimsikia mwenyewe akimwambia mtoto."

"Ulisikia." Mfamasia hakugeuka. "Kwenye maelezo umeandika alikukalisha, akakushika mkono." Akamwinamia mama. "Mama, ulimfundisha kijana wako kupima dawa hii?"

Kamusi alifungua kinywa ajibu yeye. Mama mdogo akamzuia kwa mkono.

Mama alimtazama mwanawe muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku analojua ni tupu. Kisha kidole chake, kikiwa bado na unga, kikaenda kulia, kikaenda kushoto. Hapana.

Mfamasia akafungua daftari lake. Lakini mama hakuwa amemaliza. Aliitazama ile pakiti iliyochanwa, akautazama ule unga wote bakulini, akamtazama mfamasia, kisha koti jeupe lililotundikwa ukutani siku ya nne sasa, na uso wake ukaanza kubadilika. Mkono ukainuka kutoka kitandani, ukasimama hewani mahali pa urefu wa mtoto. Ukashuka kidogo. Ukashuka tena, ukiuliza: wa kiasi gani?

Mama mdogo alijifunika uso kwa khanga. Mfamasia alikuwa ameinamia daftari, haandiki. Mkono wa mama ulibaki pale pale hewani, na macho yake yalikuwa kwa Kamusi.