Marekani Dhidi ya Verna Koskela

Verna Koskela alikuwa akiwapakulia makaroni watoto wa darasa la nne wakati watu wawili walipoingia jikoni mwa shule, theluji ingali mabegani mwao. Mmoja akauliza kama yeye ndiye Verna Irene Koskela. Akaitika, upawa mkononi. Wakampa bahasha, wakamtaka asaini kwamba ameipokea, wakaondoka taratibu kama walivyokuja.

Alidhani ni mambo ya ukaguzi wa jiko. Akaifungua palepale, juu ya rundo la sinia. Mstari wa kwanza ulisema: Marekani dhidi ya Verna Irene Koskela. Akausoma tena. Akausoma mara ya tatu, akifuatisha kila neno kwa kidole kama mtoto anayejifunza herufi. Alijua kwamba nchi hushtaki wauza unga na majasusi. Kwamba nchi nzima, na manowari zake na jeshi lake, ingeamka asubuhi na kumshtaki mpishi wa shule wa miaka hamsini na minane, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Umefiwa?" Marlys, mwenzake wa jikoni, alimwuliza.

"Hapana."

"Basi mbona umekauka hivyo? Watoto wana njaa, shoga."

Verna akampa karatasi. Marlys alisoma midomo ikichezacheza, kisha akalikalia gunia la viazi.

"Kuwadanganya maafisa wa serikali kuu," akasema polepole. "Kifungo kisichozidi miaka mitano. Wewe? Wewe uliyerudi dukani juzi kwa sababu walikuzidishia chenji?"

Verna aliuona mkono wake ukirudi kwenye sufuria, ukichota, ukipakua, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine.

Jambo lenyewe lilitokea Novemba, msimu wa kuwinda paa. Arvo Lampinen, mdogo wake wa pekee, ambaye Verna alimlea tangu mama yao alipofariki, alikwenda msituni Jumapili alfajiri na kumpiga risasi mbwa mwitu. Huku juu, kando ya Ziwa Superior, wako wanaowachukia wanyama hao, lakini sheria ya shirikisho la Marekani inawalinda, na huyu alikuwa amefungwa shingoni kola ya redio ya kumfuatilia. Kola iliendelea kutoa ishara. Wiki haikwisha, maafisa wa serikali kuu wakawa wanabisha hodi nyumba kwa nyumba.

Siku walipofika kwa Verna, Arvo alikuwa ametangulia kumpigia simu. "Dada, wakija kwako, waambie nilikuwa nyumbani kwako. Sema hivyo tu. Nisaidie."

Naye akasema. Walikuwa wawili, mwanamume wa makamo na msichana mwenye daftari. Walisimama ukumbini dakika chache, hata kahawa hawakunywa. Hakuna aliyemwapisha. Hakuna Biblia iliyoletwa. Walipoondoka aliosha vikombe ambavyo havikutumika, akalala, na kadiri siku zilivyopita akasahau. Kumbe neno lile halikusahauliwa huko lilikokwenda.

Wakili wake aliitwa Loretta Zielinski, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, mmoja wa mawakili wa utetezi ambao mahakama humpa mtu asiye na uwezo wa kujiwekea wake. Ofisi yake ilikuwa mjini Marquette, juu ya duka la nyuzi za kufumia.

"Serikali inayokushtaki ndiyo hiyohiyo inayonilipa," alimwambia. "Usishangae. Ndivyo ilivyo, na mimi sijawahi kuionea haya. Sasa nisikilize, Bi Koskela. Kuanzia leo huongei na mtu kuhusu habari hii. Si kanisani, si jikoni, si kwa simu. Na hasa huongei na mdogo wako."

"Arvo? Arvo ndiye atakayeweza kueleza."

"Hasa huyo."

"Lakini sikuwa nimeapa," Verna akasema. "Nilikuwa nyumbani kwangu, nimevaa malapa. Inawezekanaje mtu afungwe kwa maneno aliyosema amevaa malapa?"

"Inawezekana. Kwa maafisa wa shirikisho, kiapo si lazima. Ungeweza kukataa kuzungumza, ukafunga mlango, na lisingekuwa kosa. Kusema uongo ndiko kosa. Watu wengi hawalijui hilo mpaka wakae kwenye kiti hicho ulichokalia."

Verna alikitazama kile kiti.

Siku ya kufika mahakamani mara ya kwanza alivaa gauni la mazishi ya mumewe, kwa kuwa hakuwa na jingine la heshima. Hakimu alimsomea shtaka kwa sauti ya upole, ile ya daktari mwenye habari mbaya. Alipoulizwa anajibu nini, Loretta alimgusa kiwiko, naye akasema sina hatia, lakini kwa sauti ndogo mno hata akaombwa arudie. Wakachukua alama za vidole. Wakachukua pasipoti ambayo hakuwahi kusafiria. Akaachiwa arudi nyumbani, kwa sharti asitoke jimboni na asikutane na mashahidi. Jioni hiyo mwalimu mkuu akampigia, akajiumauma, kisha akamwambia asije kazini mpaka mambo yaishe.

Loretta alimwita tena wiki ya tatu ya Machi. Mezani palikuwa na faili la ushahidi ambalo mwendesha mashtaka alilazimika kulitoa. Alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena.

"Kuna shahidi," akasema. "Nataka usome ukiwa hapa, si nyumbani peke yako."

Ilikuwa kurasa mbili. Arvo Lampinen alikuwa amekiri kumwua mbwa mwitu na kukubali kushirikiana na serikali ili apunguziwe adhabu. Kurasani alisema kwamba Jumapili ile alikuwa msituni. Alisema hakumwomba dada yake chochote. Alisema kwamba dada yake ndiye aliyebuni habari ile, kwa akili yake, na kwamba yeye Arvo alipoisikia alishtuka.

Verna alisoma mpaka mwisho, mpaka kwenye saini. Aliijua ile herufi A yenye mkia. Yeye ndiye aliyemfundisha kuiandika, kwenye meza ya jikoni, Arvo akiwa na miaka sita na pengo mdomoni. Alimwona Loretta akifungua kinywa na kukifumba, wala hakusikia kitu.

"Bi Koskela. Inamisha kichwa kidogo. Vuta pumzi."

"Si yeye," Verna akasema baadaye. "Wamemwandikia."

"Wakili wake alikuwepo. Pole sana."

Hakulia. Wangemwambia kwamba ziwa limekauka usiku mmoja, angeamini upesi zaidi.

Loretta akamweleza kilichokuwa mezani. Mwendesha mashtaka alikuwa tayari kumpa mapatano: akikiri kosa, hatakwenda gerezani, atatumikia kifungo cha nje. Lakini jina lake lingebaki na kosa kubwa la jinai, na mtu wa namna hiyo shule isingempokea tena.

"Wewe unasemaje?" Verna akauliza.

"Mimi kazi yangu ni kukuletea, na kukueleza nionavyo. Kuamua ni kwako. Naona tusubiri kidogo. Kuna kitu sijakipata. Hebu niambie, maafisa walikuuliza nini? Nataka maneno yenyewe."

Verna akafumba macho. Alikumbuka theluji kwenye zulia. Maneno hakuyakumbuka. "Nakumbuka nilidanganya," akasema. "Basi."

"Ripoti iliyopigwa chapa inasema ulidai Arvo alikuwa nawe Jumapili kutwa. Ripoti hiyo iliandikwa siku kumi na moja baadaye. Yule msichana alikuwa na daftari, sivyo? Daftari halimo humu. Nimeandika barua kuliomba."

Alilazimika kuomba mara mbili, na mara ya pili kupitia kwa jaji. Nakala ya ukurasa mmoja ilifika katikati ya Aprili, mwandiko wa haraka, wino wa buluu. Loretta aliuweka mbele ya Verna na kuweka rula chini ya mstari mmoja.

Swali: mdogo wako alikuwa hapa wikendi ile? Jibu: ndiyo, alikuwa hapa.

"Jumamosi Arvo alikuwa wapi?" Loretta akauliza.

"Kwangu. Tulikula mikate iliyojazwa nyama, akaingia sauna kuoga mvuke, akalala kwenye kochi. Jirani alimwona, alikuja kuazima msumeno. Aliondoka Jumapili kabla hakujapambazuka."

"Basi alikuwa kwako wikendi ile."

Verna alimtazama, asielewe. Kisha akaelewa, na mshtuko huu haukuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Miezi yote hii alikuwa amebeba uongo ambao mdomo wake haukuwahi kuutamka.

"Lakini nilikusudia kudanganya," akasema. "Wangeniuliza Jumapili, ningesema Jumapili."

"Labda. Lakini hawakukuuliza. Unashtakiwa kwa ulichosema, na ulichosema ni kweli." Loretta akaondoa rula. "Habari za moyoni mpelekee mchungaji wako. Mahakamani moyo haushtakiwi."

Siku tisa baadaye mwendesha mashtaka aliwasilisha ombi la kuifuta kesi, na jaji akalikubali bila hata kuwaita. Loretta alitoa habari hiyo kwa simu, akikohoa. Verna alimshukuru, akaketi kwenye ngazi za nyuma kama mtu aliyeponea chupuchupu barabarani.

Jumatatu alirudi jikoni. Marlys alikuwa amemwekea aproni mpya. "Karibu, jambazi," akasema, kisha akamkumbatia mpaka watoto wakaanza kucheka.

Arvo alikuja mwezi Mei, theluji ya mwisho ikingali kwenye kivuli cha ghala. Alisimama uani, kofia mkononi, amekonda. Sasa sheria iliwaruhusu kuzungumza.

"Dada," akasema.

Verna alibaki mlangoni. "Ulinipigia simu, Arvo. Uliniomba."

"Nilikuomba. Sijasahau."

"Kwa nini uliandika vile?"

Akatazama kofia yake. Verna alikuwa amejiandalia majibu mengi ambayo huenda Arvo angetoa, kwamba walimtisha, kwamba wakili wake alimshauri hivyo, na kila moja alikuwa ameshalitafutia msamaha usiku asipopata usingizi.

"Niliogopa," Arvo akasema. "Waliniuliza ilikuwa akili ya nani, nikasema yako. Ilinitoka tu. Ilikuwa rahisi, dada. Hata mimi nilishangaa ilivyokuwa rahisi."

Kwa hilo Verna hakuwa amejiandaa. Alisimama akimtazama mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja mwenye masikio ya baba yao, akitafuta mahali pa kuanzia kumjua.

"Umekula?" akauliza hatimaye, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee lililokuja.

"Bado."

Akaingia ndani kumletea sahani. Alipotoka nayo aliiweka kwenye ngazi, akarudi ndani, akakaa upande wa pili wa mlango wa wavu, akimsikiliza akila.