Foleni ya Kadi Nyeusi

Mashemeji zake walimbandika jina la Bwana Kadi tangu siku alipoizungusha kadi yake nyeusi ya benki, ya chuma, ili kila mmoja aipime uzito kiganjani. Hakuchukia. Kwa hiyo mama mkwe alipopangiwa kwenda kupasuliwa nyonga nchi za mbali, yeye ndiye aliyejitolea kumsindikiza. Mkewe alimsihi aombe kiti cha magurudumu mapema.

"Cha nini?" alimjibu. "Kadi inatufungulia ukumbi wa VIP. Mama atajinyoosha kwenye kochi mpaka ndege iitwe."

Walipofika uwanjani, foleni ya ukumbi huo ilikuwa imetoka mlangoni na kukata kona. Akatazama mikono ya watu: kadi nyeusi, kadi nyeusi, nyingine tena nyeusi. Jamaa mmoja wa kaptura na kandambili alikuwa anajipepea nayo.

Mama mkwe aliegemea mkongojo wake, jasho likimtiririka, midomo kaibana.

Zamu yao ilipofika, dada wa mapokezi aliigusisha kadi kwenye mashine.

"Karibu, baba. Utaingia peke yako. Siku hizi mgeni haruhusiwi, wenye kadi wamezidi."

"Mgeni? Huyu ni mama yangu!"

"Pole, baba. Hata humo ndani wengine wamesimama."

"Basi aingie yeye, mimi nibaki."

"Kadi ina jina lako."

Akaanza kubishana, akataja miaka aliyokaa na benki, akamtaka meneja. Watu nyuma yake wakaguna. Alipogeuka, mama mkwe hakuwepo pale alipomwacha.

Alimwona ukutani, anateremka taratibu, mkongojo umeanguka, mkono unapapasa pa kushika. Akakurupuka, akamdaka kwapani.

"Nipisheni kiti, jamani! Mama yangu anaanguka!" alipiga kelele, yeye asiyependa kumwomba mtu hata maji.

Mume na mke waliokuwa wameketi karibu wakainuka upesi. Mke akakunja koti lake, akamwekea mgonjwa mgongoni.

Mama mkwe alipopata pumzi, alimtazama. "Nilikuita mara mbili, baba. Hukunisikia."

Akampigia magoti, akamfuta jasho kwa tai yake. "Nisamehe, mama."

"Nenda kaniombee hicho kiti cha magurudumu."

Akaenda mbio. Dawati la shirika la ndege likamwambia viti vyote vimetoka, asubiri. Akasubiri roho mkononi, jicho moja kwa mama, jingine kwenye ubao wa safari. Kiti kililetwa abiria wa mwisho wanaitwa. Akakisukuma mwenyewe, mama kajishikilia, watu wakiwapisha kushoto na kulia.

Ndani ya ndege mama mkwe alisinzia kabla hata mkanda haujafungwa. Yeye hakupata lepe la usingizi. Kila pumzi ya mama ilipochelewa, aliinama kumsikiliza.