Jiko Lisilopoa la Mzee Mwarandu

Mzee Mwarandu wa Mishomoroni hakuwa mvivu. Hilo nataka tulimalize mapema, maana watu wamemsema sana. Mtu aliyebeba magunia bandarini miaka thelathini na moja, mvivu atakuwaje? Ila kupika, hapana. Kupika hakukujua hata kidogo. Aliamini, tena kwa moyo safi, kwamba sufuria ukishaitia maji na unga ukaiacha juu ya moto, yaliyobaki itajua yenyewe.

Mkewe, Nyevu, ndiye aliyepika miaka yote hiyo, na moshi ukamkaa kifuani. Kuni mbichi, makaa mabovu, jikoni pa mabati pasipo hata tundu la dirisha. Mchana alikohoa, usiku alikohoa. Lakini kibaya zaidi kilikuwa kwenye kicheko. Nyevu zamani alikuwa mcheshi, akianza kucheka mpaka jirani anauliza kuna nini. Siku hizi kicheko kikianza tu, kinakatika katikati, kikohozi kinaingia, na Mwarandu anakimbilia kikombe cha maji. Ikafika mahali watu wakaacha kumchekesha, wakimwonea huruma.

Sasa, kuna kituo kimoja cha chuo kikuu kinachoshughulika na mambo ya nishati safi. Wakaja Bombolulu, pale uwanja wa kanisa, wakawafundisha akina mama kutengeneza makaa ya vifuu. Vifuu hivi hivi, vya nazi, ambavyo tumevitupa tangu enzi za babu zetu! Unavichoma, unavisaga, unachanganya na uji wa muhogo, unafinyanga, unaanika. Mwarandu alipoambiwa alicheka. "Watu wasome mpaka wazeeke," akasema, "halafu waje kuokota vifuu?"

Hakucheka sana, lakini, maana nyumba kumi zilichaguliwa kujaribu jiko jipya mwezi mzima, na ya Nyevu ilikuwamo. Jiko lenyewe lilikuwa pana, zito, ndani limekandikwa udongo laini kama bakuli. Likaja na gunia la makaa ya vifuu. Msichana wa kituo, jina lake Milcah, alifunga kidude ubavuni mwa jiko, kidogo mfano wa kifungo cha koti.

"Hiki kinapima joto, mama," alimwambia Nyevu. "Jiko likipata moto, kinatupasha habari kule ofisini. Na sharti ni moja. Nyumba isiyopika, jiko linahama, linakwenda kwa anayefuata kwenye orodha."

Anayefuata alikuwa Pascalia, jirani, mama wa kutoka bara mwenye kibanda cha ugali na madondo, yale maharage, pale njiani. Nyevu akaitikia kila neno. Mwarandu naye alikuwapo, ila alikuwapo kwenye kiti chake na redio sikioni, kwa hiyo habari za kidude zilimpita.

Jiko halijawashwa hata mara moja, simu ikaja kutoka Likoni. Binti yao Kache amejifungua. Nyevu akafungasha. Mlangoni akageuka.

"Baba Kadenge, nakuachia mambo mawili tu. Yule kuku mwekundu anataka kulalia, mtafutie mahali pazuri umwekee mayai, yako kumi na moja. Na jiko uliwashe kila siku, hata chai tu. Jiko likiondoka hapa, mimi narudi kwenye moshi."

"Nenda, Mama Kadenge. Mimi si mtoto."

Mke alipoondoka, mzee akatafuta kapu la kuku lile la kila mwaka. Halipo, Nyevu amelibebea mihogo kwenda nalo Likoni. Akatafuta karai. Limetoboka. Mvua ilikuwa inanyesha, kuku analia, mayai yamo kofiani. Mzee akatupa macho jikoni, akaliona lile jiko. Pana. Limezunguka vizuri. Udongo laini. Basi akalitia majivu kidogo, akapanga mayai, akamweka kuku juu. Kuku akajitikisa, akajaza jiko lote mpaka ukingoni, akafumba macho.

"Kwa leo tu," Mwarandu akamwambia. "Kesho nakutafutia kwako."

Nyinyi mmewahi kumhamisha kuku aliyekwisha kalia mayai? Siku ya pili alijaribu akadonolewa kidole. Ya tatu akapeleka mkono wa pili, ukadonolewa nao. Ya nne akaona bora amletee mtama na maji hapo hapo. Na kila asubuhi akimpitia kumjulia hali, "Umeamkaje, mama? Kula kidogo, usikonde." Mwenyewe alikwenda kula kwa Pascalia, mchana na jioni.

Siku ya kumi na mbili kisimu chake kikalia.

"Shikamoo, babu. Ni Milcah wa kituo. Nakupigia kwa sababu ya lile jiko."

"Marahaba, mwanangu. Limefanya nini?"

"Halipoi!"

Mwarandu akamtazama kuku. Kuku akamtazama. "Haliwezi kupoa," akasema, na hapo hakusema uongo.

"Kile kidude kinatuonyesha joto usiku na mchana, babu. Dogo dogo, lakini halikatiki. Unapika nini humo, mbaazi?"

Ndiyo kwanza mzee anajua kwamba kifungo cha koti kinasema. "Ni kitu... kinachotaka subira."

"Na makaa? Yamebaki kiasi gani?"

"Mwanangu, sitakuficha. Gunia limejaa. Sijatoa hata kipande kimoja."

Halafu akasikia Milcah akipiga kelele kule ofisini, "Daktari! Daktari!"

Huyo Daktari Morgan si wa sindano, ni daktari wa vitabu, mkubwa wa kituo. Siku zote hizo alikuwa akitafuta jiko linalokula makaa kidogo. Leo anaambiwa kuna mzee Mishomoroni anapika siku kumi na mbili bila makaa kabisa! Akaamua atakuja mwenyewe, Alhamisi ya wiki inayofuata, na wageni.

Habari zikafika kibandani kabla ya mzee. Pascalia akamwekea sahani, akasimama mikono kiunoni.

"Baba, nasikia jiko yako inawaka mchana na usiku."

"Ndivyo wasemavyo."

"Sasa hii ugali unakula hapa kwangu ni ya nini?"

"Ya kuongezea."

"Kuongezea nini?"

Mwarandu akajitia anatafuna. Pascalia akaangua kicheko. "Mimi ndio nafuata kwa orodha, Baba. Nikiongea, jiko ni yangu. Nikinyamaza, customa wa ugali ni wangu. Wacha nifikirie kwanza. Ongeza mboga?"

Jumatano jioni akapiga Nyevu. Mzee alikuwa jikoni, amechutama mbele ya kuku, anamnywesha maji.

"Baba Kadenge, yule Milcah amenipigia kunipa hongera. Ati unapika usiku na mchana."

"Mm."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyeniuliza chai inaanza na nini?"

Papo hapo kuku akaona hayo ndiyo majira ya kunyoosha miguu, akainuka. Mayai yote kumi na moja nje kwenye upepo! Mzee akasahau simu. "Kaa, mama, kaa! Usinyanyuke, mpenzi wangu, utapoza!"

Kule Likoni Nyevu akamkabidhi Kache mtoto, akatoka nje na simu.

"Baba Kadenge," Nyevu akasema polepole, "uko na nani hapo?"

"Hakuna mtu."

"Nakuja kesho na feri ya kwanza."

Usiku ule Mwarandu hakulala, na alfajiri akaamua. Atahamisha mayai kwenye beseni, awashe jiko, apike chochote, wageni wakute moto na mke akute moto, yaishe. Kitu kimoja kilimsukuma, nacho ni lile neno la Nyevu, narudi kwenye moshi. Lilimtembea kichwani kama sisimizi.

Akajifunga taulo mikononi, akamwinua kuku. Akashika yai la kwanza. Ndani yake kitu kikagonga. Akaliweka sikioni. Twii. Akashika la pili, twii. Siku ya ishirini hiyo, kesho vinatoka. Mzee aliyebeba magunia ya kilo tisini akashindwa kubeba yai. Akalirudisha. Akamrudisha na kuku mwenyewe. Akatafuta kitu cha kumfunika, akapata leso ya Nyevu kwenye kamba, akamtandikia gubigubi. Kisha akakaa kizingitini kungoja hukumu.

Wageni wakafika saa tatu. Daktari Morgan na daftari, Milcah, na mabwana wawili wenye kofia za jua. Pascalia naye huyo, ameacha madondo motoni, hataki kuhadithiwa.

"Mzee," Daktari akasema, "nimesoma miaka ishirini. Leo nimekuja kusoma kwako."

"Shida ni kwamba mwalimu amelala," Mwarandu akajibu.

Kabla hajaulizwa ni mwalimu gani, Nyevu huyo, kapu kichwani, jasho linamtoka, hakusalimia mtu.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mama Kadenge?"

"Huyo mpenzi. Huyo asiyetakiwa kunyanyuka."

Daktari akadhani mpenzi ni jiko, mama analitania. "Mama, hata sisi tumekuja kwa ajili yake. Tunasikia ana joto la ajabu!"

Nyevu akamkazia macho mpaka Daktari akaficha uso kwenye daftari. Akampita, akaingia jikoni, na wote nyuma yake, wanasukumana. Pembeni, chini ya leso, kitu kimejikunyata, kinapumua.

"Na leso yangu umempa! Ile ya harusi ya Kadenge!"

Akaivuta.

Kuku mwekundu akafura manyoya, akawatazama mmoja mmoja, kama mwenye nyumba aliyeingiliwa chumbani. Milcah akatazama kidude, akatazama kuku, akatazama gunia lililofungwa kwa uzi wake ule ule.

"Daktari," akasema kwa sauti ndogo, "joto la kuku ni kiasi gani?"

"Kama arobaini. Arobaini na moja."

"Basi ndilo hilo."

Daktari akafungua daftari, akakata mstari mmoja mrefu. Mwarandu akazungumza akitazama chini. "Kapu ulikwenda nalo, Mama Kadenge. Nikasema siku moja tu. Halafu akanizidi nguvu."

"Kuku?"

"Huyu si kuku wa kawaida."

Hapo Nyevu akaanza. Kilianza tumboni, kikapanda mabegani, akashika ukuta, akashindwa, akajibwaga juu ya gunia la makaa. "Ati... ati usinyanyuke mpenzi..." Akacheka mpaka machozi. Pascalia akacheka, Milcah akacheka, mabwana wa kofia wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Mwarandu hakucheka. Alikwisha nyanyua kikombe cha maji, kwa mazoea, amesimama anangoja. Kile kikohozi. Sasa kitakuja. Nyevu anavuta pumzi, sasa hivi. Hakikuja. Kicheko kikaenda mpaka mwisho wake, kikatulia chenyewe, Nyevu akajifuta macho kwa leso. Wiki tatu kwa Kache, wiki tatu anapikia gesi. Mzee akabaki na kikombe mkononi. Alikuwa hajakisikia kicheko kile kizima tangu mtoto wao Kadenge yuko shule.

Daktari akakohoa yeye, kile cha kusafisha sauti. "Mama, poleni, lakini sharti tuliandikiana. Jiko halijapika." Akamgeukia Pascalia.

"Daktari, mwanangu," Mwarandu akasema, na kikombe bado kiko mkononi. "Kosa ni langu, usimlipishe huyu mama. Nipe mwezi mmoja mwingine. Vifaranga vikitoka nawasha, na nitapika mimi. Si yeye. Mimi, kila siku. Na hicho kidude chako kinichunge."

"Wewe upike?" Nyevu akauliza.

"Nimesema."

Daktari akasema uamuzi uko kwa mama anayefuata. Macho yote kwa Pascalia. Pascalia akavuta pumzi, akalitazama jiko, akamtazama mzee na kikombe chake.

"Mwezi moja naweza ngoja," akasema. "Hiyo ugali ya huyu Baba nataka kuiona na macho yangu. Lakini siku ikiungua nikaitwa kuzima moto, nabeba jiko."

Vifaranga vikatoka tisa. Jumatatu jiko likasuguliwa, Mwarandu akawasha makaa ya vifuu kwa mara ya kwanza, na kweli, hayana moshi. Nyevu akawekewa kiti mlangoni, amenyoosha miguu, anachambua mbaazi, na amri moja, asiinuke.

Simu ikalia.

"Shikamoo, babu. Jiko limepanda moto sana, na sasa ni muda wa saa mbili mfululizo. Kuna usalama?"

"Marahaba. Ni ugali."

"Ugali wa saa mbili?"

Nyevu akadakia kutoka kitini, "Mwambie umeiva zamani! Sasa mpishi anatafuta njia ya kuutoa kwenye sufuria!"

Akacheka tena, kirefu. Mwarandu, mwiko mkononi, unga mpaka kwenye nyusi, akageuka haraka kumtazama. Chini ya kiti alikuwa amemwekea kikombe cha maji, ikiwa patatokea haja. Vifaranga vilikuwa vimekizunguka, vinakunywa.