Zipu ya Simu Mbili

Simu mpya aliyonunuliwa mjomba Dhondiram wakati wa sikukuu ya Diwali ilikaa kwake siku mbili tu. Siku ya tatu ilirudi kwa mpwa wake Ashlesha ikiwa ndani ya boksi lake, na juu yake donge la sukari guru la kumtuliza. Mjomba hakutoa sababu. Alizaliwa kiziwi, sababu zake huzitoa kwa mikono, na siku hiyo mikono aliiweka mgongoni.

"Mwache na kikongwe chake," alisema Shevanta, mama yake Ashlesha, ambaye ni mdogo wake Dhondiram. "Huyu hata randa ya marehemu baba hajaibadilisha. Akizoea kitu ndiyo basi."

"Mama, ile simu ina miaka sita."

"Na mimi nina sitini na moja. Utanibadilisha lini?"

Basi mjomba akabaki na kikongwe chake. Kila siku saa kumi na moja jioni, katika karakana yake ya useremala hapo mjini Kolhapur, hukung'uta vumbi la mbao mapajani, huisimamisha simu kwenye kishikio cha mtiki alichokichonga mwenyewe, na kumpigia kwa video dada yake mkubwa, Hira, aliyeolewa katika mji wa Karad. Hira naye ni kiziwi, naye ana simu ya aina ileile, zilinunuliwa pamoja. Hakuna kati yao anayejua kusoma. Lugha yao waliitunga wenyewe wakiwa watoto, kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwapeleka shule, na duniani kote wanaijua watatu: wao wawili, na Shevanta anayesikia. Ashlesha anajua sehemu ya kitoto tu: kula, lala, njoo, acha.

Katika lugha hiyo upande ni kila kitu. Kulia ni kesho, kushoto ni jana. Kulia ni ukoo wa baba, kushoto ni ukoo wa mama. Ukikosea upande, umemzika mtu aliye hai au umemwalika marehemu chakula cha mchana.

Mwezi wa nne likaja tangazo. Ile programu ya kupigiana kwa video isingefanya kazi tena kwenye mifumo ya zamani kuanzia tarehe mosi Juni. Simu ya mjomba ilikuwa na mfumo wa zamani kweli. Kiwanda kilikwisha kuiacha kitambo. Maana yake ilikuwa nyepesi kuelewa na nzito kumeza: kaka na dada wangenyamaziana mpaka harusi au msiba uwakutanishe.

Ila Ashlesha hakuwa mtu wa kutishwa na tangazo. Mchana alikuwa fundi wa maabara katika chuo cha ufundi, na saa zake nyingine zote alikuwa mmoja wa wale watu wanaopikia mifumo mipya simu zilizotupwa na viwanda vyake. Hupika kwenye kompyuta, hufunga kila kitu ndani ya faili moja la zipu, kisha wenye simu huziflashi wenyewe, yaani hufuta mfumo wa zamani na kuupandisha mpya, wakimwomba Mungu. Simu hii, ambayo wapishi waliiita kwa jina lake la kiwandani, saras, ilikuwa na kundi lake mtandaoni. Zamani walikuwa maelfu. Sasa walibaki mia na arobaini, na Ashlesha ndiye mpishi wao wa mwisho.

Mwezi wa tano chuo kikafungwa, naye akaingia jikoni. Mfumo wenyewe haukumsumbua sana. Kilichomtoa jasho ni kamera. Saras ilizaliwa na kilema: kamera yake ya mbele iligeuza picha. Mkono wa kulia ulimfikia mtu wa upande wa pili kama wa kushoto, na maandishi yakasomeka kinyumenyume. Wapishi wote waliopita waliandika kilema hicho kwenye orodha ya makosa yanayojulikana, wakakiacha hapo. Ashlesha alikichimba siku kumi na moja. Alikipata, akakinyoosha, na kwenye orodha ya mabadiliko, ile ambayo kila mpishi huiambatisha na zipu yake, akaandika kwa fahari: kamera ya mbele sasa inaonyesha dunia ilivyo. Kundi zima likamshangilia. Mmoja kutoka Kerala aliandika kwamba angekuwa karibu angempelekea samaki.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ashlesha alisifiwa asubuhi, na jioni akaibeba laptopu yake hadi karakana.

Mjomba alimkabidhi simu kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, na mkono mmoja ukabaki chini yake. Ashlesha akaangalia chaji, akahifadhi nakala ya kila kitu, akaiingiza simu kwenye skrini yake ya uokozi, mahali pa kubadilishia mfumo, akafuta mfumo wa zamani na kuipa zipu. Zipu yoyote iliyopikwa vizuri ina mstari mwanzoni unaoiuliza simu: wewe ni nani? Ikijibu visivyo, zipu inagoma. Hii ilijibu kwamba ni saras, na mistari ikaanza kuteremka. Kisha ikaja ile nembo ya kuwaka kwa mara ya kwanza, inayozunguka bila kuahidi kitu.

"Imekufa?" aliuliza Shevanta.

"Haijafa. Inachukua dakika kumi. Usiiguse."

"Nani kaigusa? Nimwashie mungu Ganapati ubani?"

"Washa tu, mama, ila kaa mbali na waya."

Dakika ya tisa simu ikawaka. Kamera ilikuwa safi kama maji ya kisima. Saa kumi na moja mjomba alijitazama, akalainisha masharubu, akampigia dada yake, na Ashlesha akairekodi simu hiyo ili aipime kamera.

Mwanzo Hira alicheka. Kisha akakunja uso. Mjomba akarudia alichosema, safari hii kwa ishara kubwa, kama mtu anayempigia kelele mgeni asiyejua lugha. Hira akatikisa kichwa. Akauliza jambo, akauliza tena, na mikono yake ikaanza kwenda polepole.

"Wanasema nini?" Ashlesha aliuliza.

"Anamwambia atakwenda Karad kesho kutwa," alisema Shevanta. "Hira anasema juzi hajamwona. Sasa anamuuliza..."

"Anamuuliza nini?"

"Kama kichwa kinamuuma. Kama amepimwa presha." Shevanta alijifuta uso kwa ncha ya sari. "Baba yetu alianza hivi, kuchanganya pande. Hakumaliza miezi minne."

Kwenye skrini Hira alikuwa analia. Mjomba aliiangalia mikono yake miwili kana kwamba ni ya mtu mwingine, akakata simu, akaigeuza kifudifudi juu ya maranda.

Siku sita hakupiga. Ashlesha aliikagua kamera mara ishirini na kila mara aliikuta haina kosa. Alijirekodi, akawapigia wenzake wa kundi. Wote walimwona sawasawa. Mkwe wa Hira alipiga kutoka Karad kuuliza Dhondiram amelazwa hospitali gani. Nyumbani Shevanta alikuwa anakanda unga wa mikate ya bhakri kwa hasira isiyo ya unga.

"Simu umeitengeneza," alimwambia binti yake. "Ndugu zangu ndio umewaharibu."

Iliuma, kwa sababu ilikuwa kweli na hakujua ni kweli kwa vipi. Ashlesha alimpenda mjomba huyu kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, akamtengenezea meza ya kusomea iliyorefuka kila mwaka kadiri yeye alivyorefuka. Na sasa amemnyang'anya mtu pekee wa kuongea naye, na tarehe mosi inakuja.

Siku ya saba yeye na mama yake walipeleka chai karakana. Mjomba alikuwa anapasua ubao. Msumeno mkono wa kulia, kama siku zote. Alimwonyesha Shevanta kwamba sukari imezidi, mkono uleule wa kulia. Ashlesha akasimama na birika. Alikuwa ameitazama rekodi ya ile simu mbaya mara nyingi hadi akaikariri, na ndani ya rekodi mjomba aliongea kwa mkono wa kushoto.

"Mama, mjomba anaongea kwa mkono gani?"

"Na nani?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo. Na sisi wa kulia. Na Hira wa kushoto. Huo ni mkono wa simu."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo simu. Wiki ya kwanza Hira alilalamika kwamba anamwona kinyume, haelewi kitu. Kaka akajifundisha upya hapo hapo penye benchi, mbele ya kabati la mteja lenye kioo. Mwezi mzima. Mteja alikuja kugomba kabati lake liko wapi. Hira naye akafanya vivyo hivyo huko kwake."

"Na wewe hukuniambia?"

"Ungeuliza, ningekuambia. Nilijua ni mambo yao. Nitajuaje kwamba ni mambo ya kompyuta?"

Ashlesha aliketi juu ya rundo la maranda, birika mapajani. Kwa miaka sita wazee wawili, kila mmoja kwake, waligeuza maisha yao upande ili mwenzake aone sawa. Hata ile simu ya Diwali ilieleweka sasa: kwenye simu nzuri, yenye kamera nzuri, mjomba alikuwa mtu asiyeeleweka. Aliona haya, akacheka, na machozi yakamtoka kidogo, yote kwa pamoja.

Walijaribu njia rahisi. Shevanta alimweleza kaka yake kwamba simu imepona, arudi tu kwenye mkono wa kulia. Mjomba akampigia Hira. Uso wa dada yake ulipotokea, mkono wa kulia uliinuka, ukasema neno moja, la pili, na kabla ya la tatu wa kushoto ukaruka mbele wenyewe. Akaushusha. Ukaruka tena. Mazoea yana taabu. Mwishowe alimwomba Hira radhi, akakata, akamgeukia Shevanta na kusema kitu kifupi.

"Anasema mkono huu ni wenu," Shevanta alitafsiri. "Ule ni wa Hira."

Ashlesha hakubishana na hilo. Alirudi kwenye kompyuta siku ileile.

Sasa, mpishi wa mifumo anaweza kusamehewa mengi, lakini hajawahi kusikika mpishi anayeondoa tiba na kurudisha ugonjwa kwa makusudi. Kundi lingemla mbichi. Kwa hiyo ile zipu nzuri aliwaachia watu wake mia na arobaini, na pembeni akapika nyingine: mfumo uleule mpya, programu ya video ikafanya kazi kama inavyotakiwa, na kamera ya mbele ikarudishiwa kilema chake cha kuzaliwa. Ule mstari wa mwanzoni aliubadilisha. Haukuuliza tena kama simu ni saras. Uliuliza namba ya kiwandani ya simu yenyewe, na ukakubali majibu mawili tu, namba ya Kolhapur na namba ya Karad. Kwenye orodha ya mabadiliko, ambayo hakuna mtu angeisoma, aliandika: kamera ya mbele sasa inaonyesha dunia wanavyoiona Hira na Dhondiram.

Ya mjomba aliiflashi palepale. Siku ya mwisho ya Mei akapanda basi hadi Karad kuiflashi ya Hira, ambaye alimlisha mpaka akashindwa kuinama, na wakati nembo inazunguka alimshika sikio kwa wasiwasi, kama vile sikio ndilo lingeiharakisha simu. Ashlesha akalala huko.

Tarehe mosi, saa kumi na moja kamili, Hira aliketi kitako mbele ya simu na mikono juu ya magoti. Dakika moja ikapita. Ikapita ya pili. Ashlesha alijua kila herufi iliyomo ndani ya ile zipu, na bado akaangalia chaji tena.

Simu ikawaka. Mjomba Dhondiram alitokea, maranda kwenye nyusi, akainua mkono wa kushoto. Hira akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamjibu, haraka, kwa ukali, na mkono wake wa kushoto ukawa hauonekani kwa kasi.

"Anamgombeza kwa siku zote hizo," ilisikika sauti ya Shevanta kutoka Kolhapur, nyuma ya kaka yake. "Na kwamba amechelewa dakika mbili. Na kwamba amekonda. Aa, sasa wanasengenya, hayo sitafsiri."

Walisengenya robo saa. Hira alipoona inatosha, alimvuta Ashlesha mbele ya simu amsalimie mjomba wake. Ashlesha akainua mkono wa kulia. Hira akamchapa kikofi juu yake, akaushusha chini, akamshika wa kushoto na kumwinulia.

Mjomba alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika. Kisha akanyooshea simu kidole, akamtazama mpwa wake, na kumwambia moja ya zile ishara chache ambazo Ashlesha anazijua: acha. Acha hivyo hivyo.

Ashlesha alijibu kwa mkono wa kushoto, pole pole, kwa kigugumizi cha mwanafunzi. Nimeacha, alisema. Mjomba akamwelewa.