Ombi la Hamisa Limepokelewa

Bosi wetu Isihaka ana ugonjwa mmoja. Akikaa ofisini hapa Korogwe, penye mtandao wa waya unaokimbia, anaamini nchi nzima iko hivyo. Anafungua ukurasa, unafunguka kabla hajaondoa kidole, anageuka kututazama utadhani kauzaa yeye.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa kuombea gari la wagonjwa. Nesi wa zahanati anajaza jina la mgonjwa, mahali alipo na hali yake, anabonyeza, dereva anapata taarifa. Ulikuwa uanze kutumika Jumatatu na wageni walishaalikwa. Kazi yangu ni kuujaribu, na mimi nimezaliwa Kwashemshi, ambako nyumbani kwetu ukitaka mtandao unatoka nje na kuinua simu juu kama mtu anayeanika nguo. Nikamwambia Isihaka siuwekei sahihi mpaka niujaribu kwa mtandao wa watu wetu, siyo wa ofisini.

"Agripina, usitucheleweshe," akasema.

"Nitawachelewesha."

Namna ni hii. Kuna programu inayojifanya ni manesi wengi wanaotuma maombi kwa pamoja. Wengine wa kazi hii wanaishia hapo: wanawapa manesi hao wa bandia mtandao mpana, wote wanapita, watu wanakunywa soda. Mimi namkaba kila mmoja wao. Nampa mtandao mwembamba unaokatikakatika, halafu ndipo nawaachia wote kwa mkupuo.

Manesi wa bandia walihitaji wagonjwa wa bandia, na wagonjwa walihitaji majina. Kazi hiyo nilimwachia Sharifu, Mzigua wa ndani huko kutoka Mkata, ambaye ndiye aliyeujenga ukurasa. Akagoma kutumia majina ya walio hai. Kumwandika mtu mzima wa afya kwamba ni mahututi, alisema, ni kumtabiria. Akaweka majina ya marehemu wa ukoo wao, mabibi na mababu na wajomba, safu ndefu. Nilimtania kwamba anafanya tambiko kwa kompyuta. Hakucheka.

Mtandao ulipokuwa mpana kila kitu kilikwenda sawa. Nikaubana.

Kilichotokea kilinichukiza kabla hakijanitisha. Upande wa manesi, kila ombi lilipata tiki ya kijani na maneno "Ombi limepokelewa". Upande wetu, kwenye orodha ya dereva, karibu nusu ya maombi hayakuwepo. Ukurasa ulikuwa unatoa tiki mara tu kidole kinapobonyeza, bila kusubiri ombi lifike. Kwa mtandao wa ofisi hakuna ambaye angeona tofauti. Kwashemshi, nesi angeona tiki, angemwambia mgonjwa gari linakuja, na wangekaa kusubiri gari ambalo halijaitwa.

"Hii tiki umeiweka lini?" nikamuuliza Sharifu.

"Tangu mwanzo," akasema. "Tangu lile toleo la majaribio la mwaka jana, tulilolipeleka zahanati ya kijijini kwetu." Halafu uso ukamshuka.

Nilizima jaribio. Nikazima na ile kompyuta iliyokuwa inajifanya manesi, nikachomoa waya ukutani, maana mimi na mashine hatuaminiani. Orodha ya dereva ikatulia. Kisha mstari mmoja ukaingia.

Hamisa. Zahanati ya kijijini kwao Sharifu. Wagonjwa wetu wote wa bandia, mahali pa kueleza hali, nilikuwa nimewaandikia neno moja tu, "jaribio". Huyu aliandikiwa: "Amejifungua, damu haikatiki, njooni haraka. Nesi Edna."

"Sharifu, huu utani gani?"

"Sijamweka mimi." Alisema polepole, macho kwenye kioo. "Niliwaweka wote, yeye nikamruka. Nilishindwa kuliandika jina lake. Ni dada yangu."

Isihaka, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akainama, akaufuta ule mstari. "Masalia ya jaribio," akasema. Ukarudi. Akaufuta tena. Ukarudi, maneno yale yale, na saa ya kuingia ikiwa ya muda ule ule. Nje jua lilikuwa kali, bodaboda zinapita, mama ntilie anagombana na mteja wake. Mimi niliogopa, wala sioni haya kusema.

Sharifu akatueleza. Hamisa alifariki mwaka jana baada ya kujifungua, akisubiri gari. Nesi Edna aliapa kwamba aliliomba na akajibiwa limepokelewa. Sharifu akatafuta kwenye seva, akakuta hakuna ombi lolote, akamwita mwongo pale pale msibani, mbele ya watu. Kijiji kikamfanya Edna muuaji. Akaacha kazi, na siku hizi anauza machungwa Segera.

"Kwetu ukiwaita waliotangulia, huruki mtu," Sharifu alisema. "Ukimruka, anakuja kukuuliza kwa nini."

Isihaka aliondoa mkono kwenye kompyuta. Akatoka nje kuwapigia simu wageni wasije Jumatatu. Sikumtania.

Jioni hiyo Sharifu alikaa akairekebisha ile tiki, isitokee tena mpaka ujumbe uwe umefika kweli upande wa pili. Asubuhi tukapanda basi kwenda Segera. Tulimkuta Edna karibu na njia panda, mama wa makamo, anapanga machungwa mafungu mafungu. Tangu ule msiba Sharifu hakuwahi kumpa salamu, hata walipopishana uso kwa uso.

"Shikamoo, nesi."

Edna hakuitikia. Aliendelea kupanga machungwa.

"Ombi lako limefika jana," Sharifu akasema. "Kosa lilikuwa kwenye ukurasa wangu. Tiki ilikudanganya. Wewe hukudanganya mtu."

"Niliwaambia nilituma."

Kwa tabia yangu ya kutaka kujua, nikamuuliza ile simu aliyoombea gari iko wapi, pengine jana imewashwa mahali penye mtandao ikamalizia kutuma. Nilitamani sana ajibu ndiyo.

"Niliitumbukiza chooni siku ile ya msiba," akasema. Kisha akamgeukia Sharifu. "Sasa mmemjibu nini?"

"Nani?"

"Hamisa. Ameomba gari. Mmemjibu nini?"

Hatukuwa tumemjibu. Tulikuwa tumemfuta, na aliporudi tukamwogopa. Sharifu akafungua orodha kwenye simu yake. Mstari ulikuwepo, unasubiri. Kwenye nafasi ya majibu akaandika: "Dada, gari halikuitwa. Kosa ni langu, siyo la nesi. Nisamehe." Akabonyeza.

Segera mtandao hausumbui, ujumbe wa kawaida unakwenda papo hapo. Lakini kile kiduara cha kusubiri kilizunguka, kikazunguka, mabasi ya Arusha yakapita na ya Tanga yakapita, na hakuna kati yetu aliyeondoa macho kwenye kioo. Nikaushika mkono wa Sharifu kwa chini ili simu isianguke.

Tiki ikatokea.

Edna akafuta mikono kwenye kanga yake, akamtazama Sharifu kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Marahaba," akasema.