Sinia Lililorudi Lukembe

Mume wangu Otuoma alikuwa na samaki mmoja tu duniani, na samaki huyo alikuwa amekufa tangu mwaka ule serikali ilipotuwekea maboya.

Alikuwa ngege. Watoto wa siku hizi hawamjui ngege. Wao wanamjua sato wa kufugwa, mnene, ana kitambi kama diwani. Ngege ndiye sato wetu wa zamani, mweusimweusi, nyama yake tamu mpaka unalamba miiba bila aibu. Tulipohamia Lukembe kutoka Shirati, mimi bado bibi harusi wa juzi, nilikuwa nainjika maji ya ugali kwanza ndipo Otuoma anasukuma mtumbwi. Maji hayajachemka, huyo amerudi na mboga. Nikimsimulia Favour, binti yangu, anacheka akidhani namtania. Simtanii. Ziwa lilikuwa pale mlangoni, hatua chache kutoka jikoni kwangu, na lilikuwa letu, au ndivyo tulivyodhani.

Watu wa maboya walikuja na boti ya injini mbili na makoti yao ya rangi ya chungwa. Tukaitwa mkutanoni. Tukaambiwa ghuba yetu ni mazalia, ndimo samaki wanamotaga, kwa hiyo inafungwa kwa mstari wa maboya, na amri imetoka Dodoma. Siwezi kusema uongo, samaki walikuwa wamepungua kweli, na wapo wenzetu waliokuwa wanakokota makokoro, nyavu za matundu madogo, mpaka wanazoa vifaranga. Tulikubali. Tulipiga makofi, na mimi mwenyewe nilipiga vigelegele, mdomo huu huu. Mwaka haukuisha, ndani ya maboya yale yale vikashushwa vizimba vya mwekezaji, nyavu kubwa za kufugia sato, na malori ya barafu yakaanza kuteremka hadi ufukweni kupakia samaki wa Dar na wa huko huko Dodoma. Ukiuliza, unaambiwa huo ni ufugaji, si uvuvi.

Nathaniel, mwenyekiti wetu wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, alisimama mbele ya ofisa mmoja akasema, "Pamba yetu mlichukua. Dhahabu ya Kanda ya Ziwa inapita kila siku tunaiangalia. Sasa mmefika kwenye mboga?"

Ofisa akajibu kwamba rasilimali ni za Watanzania wote.

"Kwani sisi ni wa Uganda?" Nathaniel akauliza.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Otuoma hakucheka. Tangu siku hiyo mtumbwi wake ulikaa juu ya mchanga, kuku wakawa wanatagia humo, na yeye akawa fundi wa kushona nyavu za watu wengine wanaovua mbali.

Yule ngege alimvua siku moja kabla ya maboya. Nilikuwa nimeshashika kisu, akaninyang'anya. "Huyu haliwi," akasema. "Huyu ni wa wakwe wa Favour."

Hapo lazima nieleze. Katika ukoo wa mume wangu, na hata kwetu, wakwe wanaokuja kuposa hawapewi samaki wa vipande. Ukimpa mkwe vipande, umemwambia undugu wenu nao utakatika. Anaandaliwa samaki mzima, kichwa hadi mkia, tena awe ametoka kwenye maji ya mlango wa baba wa binti. Baba anayataja maji hayo, mgeni anakula kichwa, ndipo maneno ya posa yanaanza. Akimaliza anaondoka na sinia. Siku ya kuja kukamilisha analirudisha na samaki mzima wa maji ya kwake. Sinia likirudi tupu, hakuna ndoa. Baba yake Otuoma alifanya hivyo, na babu yake, na ngege wangu mimi aliliwa kule Shirati nikiwa nachungulia dirishani kuona kama baba mkwe atakimaliza kichwa.

Basi nikambanika yule ngege, nikamtundika kwa kamba juu ya mafiga. Kila nilipowasha moto naye alikula moshi wake. Alikauka akawa mgumu kama mwiko. Paka wa jirani nilimchapa ufagio kwa ajili yake mara nyingi kuliko nilivyowahi kuwachapa wanangu. Na jioni nyingine, nikiwa peke yangu jikoni, nilikuwa namnusa tu. Alinukia miaka yangu ya ujana, na sioni haya kulisema.

Favour anauza kwenye duka la dawa Buhongwa. Huko ndiko alikompata Jonathan, mwalimu anayeishi Mabatini, kijana mwenye adabu ambaye siku ya kwanza tu alikaa chini na Otuoma akashika upande mmoja wa wavu bila kuambiwa. Otuoma alimpenda. Aliniambia kwa siri kwamba kijana ana mikono mizuri, na kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Siku ya tatu au ya nne ya kuja kwake, wakiwa wanashona, Otuoma akamuuliza baba yake anafanya kazi gani.

"Yuko Dodoma, baba. Kwenye mambo ya uvuvi. Anachora ramani za maeneo yanayofungwa."

Sindano ya Otuoma ikasimama. "Lukembe anaijua?"

"Anaijua," Jonathan akasema, tena kwa furaha, maskini. "Nilipomwambia ninakotaka kuoa alisema hiyo ghuba aliichora yeye."

Otuoma akaweka wavu chini, akaenda kusimama kwenye mtumbwi wake uliojaa mayai.

Jioni moto ukawaka ndani ya nyumba, na si wa mafiga. "Simpi," Otuoma akasema. "Mtu amenifungia mlango, nimpe samaki wa mlangoni? Akale maboya yake."

"Tununue basi sato pale sokoni Mwaloni," nikasema.

"Wa kizimba? Nikitaja maji nitaje nini? Nitaje chakula cha mifuko?"

"Sasa unataka waje wakae njaa?"

"Wasije. Bila samaki hakuna maneno."

Favour alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Baba, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mama."

"Mbona mimi ndiye ninayefungwa?"

Otuoma akageukia ukuta. Jibu nilikuwa nalo mimi, nikalitoa lote. Nilimwambia yeye na serikali yake wanagombana na anayeumia ni mtoto niliyemzaa mimi kwa uchungu, na kwamba anamtunza samaki mfu kuliko binti aliye hai. Nilisema na mengine ambayo si ya kuandika. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba moyoni nilikuwa upande wake. Hata mimi, nikimfikiria mtu wa Dodoma akimega ngege yule, mkono ulikuwa unaniwasha.

Siku ya wageni ilifika bila sisi wawili kuelewana. Asubuhi niliingia jikoni nimejiandaa kuchinja jogoo na kupokea aibu. Nikakuta kamba inaning'inia tupu. Ngege alikuwa ndani ya beseni, amelowekwa, amefunikwa ungo. Otuoma alikuwa nje anafagia uwanja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anioe, na hakugeuka kuniangalia. Nililia kidogo, kisha nikatwanga karanga.

Baba yake Jonathan, Mzee Josephat, ni Mgogo wa Mpwapwa. Nilitegemea kuona mtu wa kitambi na gari lenye bendera. Akaja mwembamba, mvi kichwani, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Buswelu, kofia ameivua tangu mbali. Favour akapiga goti, "Shikamoo, baba," naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea. Nilijaribu kumchukia nikashindwa vizuri.

Nilileta sinia la bati lenye maua mekundu, zawadi ya mama mkwe wangu, ngege amelala humo mzima ndani ya mchuzi wa karanga. Otuoma akasimama.

"Mheshimiwa, huyu ni ngege," akasema. "Ametoka kwenye maji ya mlango wangu, yale pale. Ni wa mwisho. Wenzake wako ndani ya mstari wako."

Jonathan akainamisha kichwa. Favour akanishika mkono mpaka pete yangu ikaniuma. Mzee Josephat aligeuka taratibu, akatazama nje kupitia mlango, maboya yale, vizimba, na lori lililokuwa linapakia.

"Ndiyo hii Lukembe?"

"Ndiyo hii."

"Kwenye ramani hapakuwa na nyumba."

"Tulikuwepo," Otuoma akasema.

Mgeni hakubisha. Alinawa, akavunja kichwa, akaanza kutafuna. Ngege wa moshi wa miaka ile si mchezo, hata ukimloweka. Jasho lilimtoka, taya zikacheza, na hakuacha kitu. Nilimwonea huruma na hapo hapo nikafurahi, yote mawili kwa pamoja. Alipomaliza, maneno ya posa yakaanza, yakaenda vizuri, na jua lilipopungua nguvu nikamfungia sinia lake kwenye kanga.

Otuoma alimsindikiza hadi njiani. "Usisahau, mheshimiwa. Samaki mzima, wa maji ya mlango wako."

"Mpwapwa hatuna ziwa, Mzee Otuoma. Tuna ng'ombe."

"Basi chukua humu humu. Si tumeshakuwa mlango mmoja?"

Mzee Josephat alicheka. Halafu akatazama maboya, akaacha kucheka. Mimi nilikuwa nyuma yao, na ndipo nilipoona mtego aliotegewa. Usiku huo sikumsemesha mume wangu.

Masika yalipita. Favour alikonda. Kila Jumapili alikuja kutoka Buhongwa akajifanya amekuja kunisalimia, kumbe anakuja kumwangalia baba yake usoni kama amelegea. Alipomuuliza Jonathan, aliambiwa Mzee Josephat hataki kuzungumzia sinia. Nami nilimwambia Otuoma alegeze sharti, hata sato wa Ukerewe au wa Musoma si wa ziwa hili hili? Akasema sharti si lake, ni la baba yake, na baba yake yuko kaburini, kamuulize.

Siku ya kukamilisha, Mzee Josephat aliteremka kwa miguu kutoka barabarani, Jonathan nyuma yake, sinia kifuani ndani ya kanga yangu. Nilipolipokea nilijua kwa uzito. Nikalifungua mbele ya watu, maana ndivyo inavyotakiwa. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa, maua yake mekundu yote yanaonekana. Favour alishika mwimo wa mlango.

Mgeni alikataa kiti. "Acheni niseme nikiwa nimesimama," akasema. "Nilikwenda ofisini kwetu mwenyewe kuomba kibali cha samaki mmoja. Nikaeleza mila. Kijana niliyemfundisha kazi akanionyesha kanuni: hakuna kuvua ndani ya maboya, hata kwa sherehe. Kanuni hiyo niliiandika mimi, nikaona ni nzuri sana. Nikaja huku kwa watu wa vizimba. Hao walitaka kunipa kreti zima na barafu juu. Nikakataa, kwa sababu Mzee Otuoma angeniuliza ni wa maji gani, na mimi sina uongo wa kumwambia." Akageuza kofia mkononi. "Nimeshindwa. Msimuadhibu kijana kwa ajili yangu."

Otuoma alinichukulia lile sinia, akalishika kwa mikono miwili, akaliangalia kwa muda mrefu kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Nilikuwa tayari kumrukia. Nasema kweli, kama angesema lile neno, mimi ningerudi Shirati siku ile ile.

"Baba Jonathan," akasema, "keti."

Hakusema mheshimiwa. Favour aliachia mwimo.

"Mama Favour, ndani hakuna dagaa?"

"Wapo," nikasema. "Wa juzi, wa visiwani. Lakini dagaa kwa wakwe?"

"Dagaa ana kichwa au hana?"

"Anacho."

"Mkia?"

"Anao."

"Kuna aliyekatwa?"

Hakuna aliyekatwa. Nani ana muda wa kumkata dagaa? Otuoma akaingia jikoni mwenyewe, akawachota kwa mikono yote, akalijaza sinia mpaka maua yakapotea. Akamkabidhi Mzee Josephat, na Mzee Josephat akamrudishia palepale, kwa heshima zote, kama mtu aliyesafiri nao kutoka Mpwapwa. Kama baba mkwe wangu kaburini hakupendezwa, basi atatusamehe tukikutana. Nikapiga vigelegele, na safari hii nilijua ninavipiga kwa nini.

Maboya yapo mpaka leo. Baba Jonathan aliomba huko kwao tuachiwe angalau kipande cha upande wa matete. Hajajibiwa, na sasa naye amestaafu.

Lakini siku ile, tukisubiri chakula, walikaa wawili kwenye ukingo wa mtumbwi wakitazama ghuba. Baba Jonathan akauliza, "Hivi ngege mbichi alikuwaje? Mimi nimemla mkavu tu."

Otuoma akaanza kumweleza. Akaonyesha kwa mikono urefu wake, rangi ya tumbo lake, alivyokuwa anarukaruka alfajiri kwenye matete, sauti ya mkia wake juu ya mbao. Nilikuwa sijamsikia akizungumza hivyo tangu maboya. Nikainjika maji ya ugali nikiwasikiliza. Maji yakachemka, nikapunguza kuni, yakachemka tena, na Otuoma bado alikuwa anaeleza.