Kidato cha Thelathini na Moja

Katika nchi ya Vidatoni watu waliishi shimoni na wakasadiki kwamba wanaishi chini ya mlima. Mlima wenyewe haukuwapo. Kulikuwa na Ukumbi wa Ngoma tu, jengo jeupe lenye nguzo kumi na mbili, ambalo mwasisi wa nchi alilijenga juu ya ardhi tambarare kama sinia, akaweka kidato kimoja mlangoni ili watu wapate pa kujifutia matope. Mrithi wake akaona wivu. Naye alitaka akumbukwe kwa kidato, na kwa kuwa jengo la mawe haliinuliki, aliamuru uwanja unaolizunguka uchimbwe chini kimo cha goti. Wa tatu naye akachimba. Kila aliyetawazwa alichimba chake na kukipa jina lake, hata kufikia enzi za Mtukufu Mkwezi wa Thelathini na Moja, ukumbi ulikuwa pale pale ulipozaliwa, bali nchi nzima ilikuwa imeshuka, na nyumba zake na soko lake na mbuzi wake, huku wenyeji wakiinua shingo na kuambiana, "Ama kweli, wafalme wetu wametupandisha."

Kidato cha Mkwezi, kile cha chini kabisa, kiliwashinda wenzake wote kwa kiburi, maana kilimfika mtu mzima kiunoni. Watu walikwenda ngomani na vigoda vya kukwelea mikononi mwao, na mafundi seremala wakanenepa. Mtukufu mwenyewe hakuwahi kukikanyaga. Alitawazwa juu, akala juu, akanenepa juu, na chakula chake kilivutwa kwa kapu na kamba kila adhuhuri.

Sheria ya nchi ilikuwa fupi. Siku ya Sikukuu ya Majina, Mzee Mataka, mpiga siwa, alipuliza siwa yake pale ngoma inapochezwa na watu walipo wengi, kisha akamwita kwa jina kila aliyefika ngomani kwa miguu yake, hata mfalme. Jina likiitwa, umati hujibu, "Yupo!" Aliyejibiwa hivyo alikuwa na nafasi shuleni, kibanda sokoni na haki ya kusalimiwa barabarani. Mtoto aliyetimiza miaka kumi bila kujibiwa aliitwa kivuli, na kivuli hata kikibisha hodi hakikaribishwi. Kina mama walipoanza kupanda na watoto migongoni, Mkwezi aliongeza neno moja la kwake: aliyebebwa haitwi.

Mwalimu Zawena alifundisha ngoma ukumbini kwa miaka kumi na minne, na kusema kweli, hakuwahi kuisumbukia sheria hiyo, kwa sababu mwenye shibe hamjui mwenye njaa naye magoti yake yalikuwa mazima. Asubuhi moja, mwezi mmoja kabla ya sikukuu, alikuwa akiwapanga wanafunzi wake wenye miguu mirefu na soksi nyeupe, aliposikia mlangoni kitu kikigonga sakafu, kikatulia, kikagonga tena. Aligeuka akaona mgongo wa mtoto. Kilikuwa kisichana kilichokaa chini, kimepanda vidato vyote thelathini na kimoja kinyumenyume, kwa mikono na makalio, na viganja vyake vilikuwa vyekundu.

"Shikamoo, Mwalimu," kilisema kikihema. "Naitwa Mkeja binti Zubeda. Kiti changu cha magurudumu nimekiacha chini, ndicho nilichokwelea kile kidato kirefu. Nimekuja kucheza."

Waziri Sifuni, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka kabla Mtukufu hajacheka, alicheka. "Sheria inasema miguu, binti. Makalio hayaitwi jina."

"Mwezi ujao natimiza kumi," Mkeja alimjibu. "Sikukuu hii ndiyo yangu ya mwisho."

Zawena aliona aibu. Alipiga magoti mbele ya kiti cha enzi kilichokuwa mwisho wa ukumbi akaomba ijengwe njia ya mteremko kando ya vidato, ya udongo tu, hata ya mwezi mmoja. Mtukufu alikuwa ameweka miguu yake juu ya mito miwili, kwa kuwa ugonjwa wa jongo ulikuwa umehamia magotini mwake na haukuonyesha dalili ya kufungasha virago.

"Mteremko ni wa mikokoteni ya mboga," alisema. "Heshima ya nchi hii iko kwenye magoti ya watu wake, Mwalimu. Tukimtelezeshea kila mtu njia, nani atajua kwamba mimi niko juu?"

"Basi wasipoweza wao kupanda," Zawena alisema, "acha niteremke mimi." Alichukua ngoma yake moja na kigoda chake, akashuka, na siku hiyo nzima alijiuliza kama amepata akili au amepoteza kazi. Jibu lilikuwa vyote viwili.

Darasa lilianza kesho yake katikati ya uwanja, mbele ya kidato cha Mkwezi. Wa kwanza alikuwa Mkeja. Wa pili alikuwa Siwatu, binti kiziwi aliyezungumza kwa mikono, na mikono yake ilikuwa na maneno mengi kuliko baraza la mawaziri. Wa tatu alikuwa Pandu, mvulana mcheshi ambaye hatua za ngoma zilichukua muda kumwingia kichwani, ila zikishaingia hazikutoka. Halafu zikafuata soksi nyeupe kutoka juu, moja moja, maana watoto hufuata palipo na raha.

Zawena aliharibu tangu siku ya kwanza, na aliharibu kwa moyo mwema, na kuharibu kwa namna hiyo ndiko kugumu zaidi kurekebisha. Alimweka Mkeja katikati, akampa shada la asumini ashike, akawaambia wenye miguu wamzunguke wakicheza. Majirani waliochungulia walifuta machozi wakasema inapendeza. Mkeja alivumilia mizunguko miwili, kisha akaliweka shada chini.

"Mwalimu, mimi si chungu cha maua."

"Lakini mwanangu, wote wanakutazama wewe."

"Wananitazama, hawachezi na mimi. Mbona hujaniuliza naweza nini?"

Mwalimu aliyefundisha miaka kumi na minne alikaa chini mavumbini, akauliza kama mwanafunzi. Mkeja akamwonyesha: alisukuma gurudumu moja mbele na kuvuta la pili nyuma, kiti kikazunguka kama pia, kikasimama ghafla, kikazunguka tena upande wa pili, mikono yake ikipaa juu kila kiti kilipotua. "Hii ndiyo hatua yangu," alisema. "Sasa nyinyi ndio mnifuate."

Walimfuata, na kwa siku tatu wenye miguu waligongana kama mbuzi sokoni, mpaka wakajua kugeuka bila kukanyagana. Siwatu naye alikataa kuambiwa mdundo kwa kupungiwa vidole. Alivua viatu, akauegemeza mgongo wake kwenye ngoma, akaupokea mdundo kwa mifupa, na baada ya hapo yeye ndiye aliyewatolea wengine ishara ya kuanza, kwa sababu hakuwahi kukosea. Tatizo likabaki kwa Pandu, aliyemaliza hatua tatu nyuma ya wenzake kila mara. Zawena alimsahihisha wiki nzima, hadi siku moja akachoka kumsahihisha, akawaambia wengine wasimame wamngoje. Pandu akapiga hatua zake tatu peke yake katikati ya kimya, pa, pa, pa, akainua mikono. Uwanja mzima ulipiga vigelegele. Toka siku hiyo huo ndio ukawa mwisho wa ngoma, na bila Pandu ngoma haikuwa imekwisha.

Jambo moja wafalme hawakulifikiria walipokuwa wakichimba. Shimo la vimo thelathini, lenye kuta za udongo mgumu pande zote, lilikuwa ngoma kubwa kuliko zote. Kishindo kidogo kilichopigwa chini kilizunguka kuta, kikajikusanya, kikapanda juu ukumbini na kutikisa vikombe vya Mtukufu.

Siku ya Sikukuu ya Majina watu walitoka na vigoda vyao kwenda kupanda. Mbele ya kidato cha Mkwezi waliwakuta watoto wanacheza, wakasema watatazama kidogo tu. Kidogo kikazaa kingine. Vigoda vilivyoletwa kwa kukwelea vikakaliwa, vingine vikageuzwa na kupigwa matako kama ngoma. Kule juu, wapiga zumari wa kifalme walichungulia mara moja, mara ya pili hawakurudi. Mtukufu alimtuma Waziri Sifuni akazime fujo. Sifuni alishuka kwa hasira mpaka kidato cha kumi, kwa haraka mpaka cha ishirini, na alipofika chini alionekana akipiga makofi, tena nje ya mdundo.

Mzee Mataka, aliyekuwa katikati ya vidato, alitazama juu, akatazama chini. Hakuwa mtu wa siasa. "Siwa inalia penye ngoma na watu wengi," alisema, akashuka na siwa yake begani akasimama kando ya Mkeja.

Hapo ndipo kichwa cha Mtukufu Mkwezi kilipojitokeza juu ya ngazi, na nyuma yake hapakuwa na mtu hata wa kumshikia mwavuli.

"Nibebeni!" alipaza sauti.

"Aliyebebwa haitwi, Mtukufu," Mzee Mataka alijibu. "Ni neno lako."

Mtukufu alijaribu kushusha mguu mmoja. Goti likalia, naye akalia nalo, akadaka nguzo. Mkeja alisogeza kiti chake mpaka chini ya ngazi, akaangalia juu, na Zawena aliyekuwa pembeni yake aliona kwamba mtoto huyu hachekelei. Alikuwa anahesabu vidato, kama mtu anayeijua njia.

"Kaa kwanza, babu," alimwambia. "Mikono kando, viganja chini. Sukuma, shuka, pumua. Usitazame mwisho wake, tazama kinachofuata."

Mtukufu wa Vidatoni alikaa. Alishuka kidato cha kwanza kwa makalio, na shimo lote lilisikia: bu! Siwatu hakusikia, lakini aliupata mgongoni, akainua mkono, na wapigaji wakajibu: bu! Cha pili, bu! Cha tatu, bu! Kufikia cha kumi watu walikuwa wamesimama wakijibu kwa miguu, kwa mikono na kwa vigoda, na kufikia cha ishirini Mtukufu mwenyewe, jasho likimtiririka na joho likiwa limepanda kiunoni, alisahau kuona haya akaanza kutikisa mabega. Zawena alicheka hadi akashika mbavu. Hakuwa amewahi kumwona mfalme akicheza.

Kisha akafika kwenye kidato chake. Alikaa ukingoni, miguu ikining'inia hewani, ardhi ikiwa mbali kwa kimo cha kiuno, na jina lake likiwa limechongwa kwa herufi kubwa katikati ya visigino vyake. Hakuweza kushuka, na kurudi juu hakuweza.

Mzee Mataka alipuliza siwa, kuta zikaitika, kisha akageuka. "Mtukufu, sheria inasema miguu. Binti huyu anacheza kwa mikono na magurudumu. Wewe umekuja kwa makalio. Ama nawaita wote wawili, ama simwiti hata mmoja."

Mtukufu alitazama viganja vyake vyekundu. Alitazama vya Mkeja.

"Anza na yeye," alisema kwa sauti ndogo.

"Mkeja binti Zubeda!"

"Yupo!" shimo lilinguruma, na mama mmoja nyuma ya umati akakaa chini akalia kwa furaha. Akaitwa Siwatu, yupo, akaitwa Pandu, naye akajibu mwenyewe baada ya wengine wote kumaliza, "Nipo!" na watu wakamngoja kama ada. Zawena aliitikia kila jina mpaka sauti ikamkauka.

Likabaki moja. Mzee Mataka alijaza mashavu upepo, akaita, "Mkwezi!"

Watu walitazamana. Baadhi walikuwa bado wanacheka, wengine wakipangusa vigoda vyao, wengine wakikipima kidato kile kwa macho kama wachimbaji. Na Mtukufu, miguu yake ikining'inia juu ya jina lake, alitega sikio asikie kama yupo.